Mguu Usioitikia Hodi

Siku ya kwanza Bibi Raheli alipojilaza chali kwenye mkeka, nyumbani kwake Ipagala, mchana kweupe, mikono pembeni na viganja vimetazama juu kama mtu anayengoja kupakuliwa chakula, jirani yake Mwanaidi alichungulia dirishani akiomba kiberiti. Yowe alilopiga liliwatoa watu bafuni.

"Jamani njooni! Bibi Raheli kafa, na mlango kaufunga kwa ndani!"

"Sijafa," Raheli akasema bila kufumbua macho. "Lakini ukiendelea na kelele hizo nitakufa kweli, na kiberiti utakikosa."

Wapangaji wakaja mbio, mmoja bado ana povu la sabuni kichwani, wakamkuta marehemu anajikuna pua. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanaidi peke yake hakucheka. Alibaki pale dirishani ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Unafanya nini hapo chini, bibi?"

"Natulia."

"Si ukae kwenye kiti utulie kama watu wengine?"

"Nimeandikiwa na nesi. Wewe ukiandikiwa dawa ya matone unaweka jichoni, au unatia kwenye chai?"

"Haya, tulia. Lakini ukitulia ufumbe mdomo. Ulikuwa umeachama vilevile kama marehemu mama yangu."

Kweli aliandikiwa. Raheli alikuwa na sukari na presha, vyote viwili, na mwenyewe alipenda kusema kwamba uzeeni wenzake wameletewa wajukuu wa kulea, yeye kaletewa hivyo, na vinakula kuliko wajukuu. Kila mwezi alikwenda kliniki kwenye zahanati iliyo jirani. Nesi wa pale alikuwa Naima, binti wa Kondoa, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayomlazimisha mtu ainame ili amsikie. Huyo Naima ndiye aliyewakusanya wazee wa kliniki katika chumba cha kupimia watoto uzito, akawatandikia mikeka, akawafundisha kutulia.

"Mwili wako ni mtaa," akawaambia walipokwisha kulala. "Umeishi humo maisha yako yote na majirani huwajui. Leo tunapita nyumba kwa nyumba. Anza na kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Usikitikise, usikisugue. Nenda kwa akili tu, piga hodi, halafu ngoja mwenyeji aitikie."

"Anaitikiaje, na mdomo hana?" akauliza Raheli.

"Utahisi, bibi. Joto, baridi, mwasho, uzito, chochote. Hiyo ndiyo karibu yake. Akiitikia, mwambie apumzike, kisha nenda nyumba inayofuata. Hivyo hivyo mpaka utosini."

"Na nikifika makalioni, nesi? Pale pana wapangaji wawili na hawajawahi kuelewana."

Mikeka yote ikatikisika kwa kicheko. Naima naye alicheka, mkono mdomoni, lakini alikuwa wa kwanza kunyamaza.

"Sasa nisikilizeni, wazee wangu. Mahali pakiitikia kwa maumivu msiogope, mtaniambia tukikutana. Mahali pasipoitikia kabisa, njooni siku ileile, msingoje hata chai ichemke. Maumivu ni mtu anayelia, huyo tutamsikia. Mimi naogopa nyumba iliyo kimya."

Raheli akaipenda dawa ile kuliko vidonge, maana haikuwa chungu na haikuhitaji maji. Kila siku, akishaosha sahani ya mchana, alifunga mlango, akatandika mkeka, akajilaza. Mwanzoni akili ilimkimbia kama mbuzi aliyeona shamba la uwele halina mwenyewe. Alikuwa yuko kifundoni, mara yuko sokoni, mara anagombana na mtu aliyekufa zamani. Alivyozidi kuzoea, akili ikakubali kufungwa. Akagundua kwamba bega lake la kulia lilikuwa limepanda juu tangu usichana, tangu siku za kubeba ndoo, na hakuna aliyewahi kuliambia kwamba ndoo imeshatuliwa. Akaliteremsha. Akagundua kwamba meno yake yalikuwa yameumana hata akiwa peke yake chumbani, kama mtu anayezuia neno. Akayaachia. Pumzi nayo akaiacha iende itakavyo, akakuta inaijua njia. Presha ikashuka, usingizi ukaja, na hata Mwanaidi akazoea kuchungulia, akaona tumbo linapanda na kushuka, akajiendea.

Kule chini kabisa ya utulivu, lakini, Raheli alisikia jambo ambalo hakumwambia mtu. Alisikia moyo wake ukitwanga, kama mwanamke anayetwanga peke yake ua wa mbali. Mara nyingine mwanamke yule aliupumzisha mchi. Raheli akangoja. Mchi ukashuka tena. Yeye akapumua.

Mwezi wa sita upepo wa baridi ulipoanza kuchapa Dodoma na vumbi lake, kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikuitikia.

Raheli alidhani ameharakisha. Akavuta pumzi, akarudi mwanzo. Hodi. Kimya. Hakikuwa kimya cha nyumba ambayo wenyewe wamekwenda shamba. Hicho kila mtu anakijua, ukifika unakuta kufuli. Kilikuwa kimya cha nyumba ambayo mlango umerudishwa tu, na viatu vya mwenyewe viko kizingitini.

Akaketi, akakitazama. Kidole kipo, na ukucha wake. Akakifinya. Ilikuwa kama kufinya kidole cha mtu mwingine.

"Ni hii baridi," akasema kwa sauti, ingawa chumbani hakukuwa na mtu wa kudanganya.

Hakuwa mjinga. Marehemu mumewe Abeli alikuwa na sukari vilevile. Alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, analalamikia kidole. Wakakata kidole. Akarudi, akakaa, akaenda tena, wakakata unyayo. Akaenda tena, wakakata juu ya goti. "Walikuwa wananirudishia mume kwa mafungu, kama nyanya," Raheli alizoea kusema, na watu walicheka bila kujua waangalie wapi. Abeli alikufa amelikumbatia paja lililobaki, kama mtu anayezuia mlango usisukumwe kutoka nje. Siku ya mazishi Raheli aliapa moyoni: wangu hawaugusi. Mguu wangu utaingia kaburini siku moja na mimi, jeneza moja.

Kwa hiyo kuambiwa aende kwa nesi siku ileile ilikuwa sawa na kuambiwa aende akaonyeshe mahali pa kuanzia kukata.

Akajilaza tena. Akafumba macho, akapiga hodi kwenye kidole. Na kabla kile kimya hakijajaa chumba, akaitikia yeye, kwa sauti nyembamba ya kuigiza, kama mtoto mdogo aliyeachwa alinde nyumba:

"Karibuuu."

Akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaenda kwenye kidole cha pili.

Kliniki ya mwezi ule foleni ilikuwa ndefu hadi nje, wazee wamejikunyata ndani ya makoti na vitenge. Raheli alivaa soksi mbili mbili na viatu vya kufunga kamba.

"Shikamoo bibi," akasema Naima.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda? Kula, mwanamume wa Dodoma hapendi kuchomwa na mifupa."

"Zoezi unafanya?"

"Kila siku."

"Na wote wanaitikia?"

"Wote," akasema Raheli. "Mmoja juzi alitaka nibaki mpaka chai."

Naima akacheka, akaitazama ile miguu. Akaitazama na foleni. "Mwezi ujao uje na ndala, nikukague vidole," akasema, akaandika presha, akaita mwingine. Raheli akatoka kwa mwendo wa madaha kama bibi harusi, ila akiwa ameelekeza macho chini, maana siku hizi mguu wa kushoto ulikuwa haumwambii tena umekanyaga nini.

Ile sauti nyembamba ikapata kazi. Iliitikia kidole cha pili, ikaitikia cha tatu, ikaitikia wayo. Raheli akawa fundi. Hakuruhusu hata nafasi ya pumzi moja kati ya hodi na karibu, maana ndani ya nafasi ile ndimo kile kimya kilimokaa, na yeye hakutaka kukisikia. Utulivu nao ukapungua. Alikuwa analala mkekani kama mlinzi, si kama mgonjwa.

Mwezi wa saba zikaja habari kutoka Mlali kwamba kaka yake Kefa amefariki. Raheli akapanda basi la Kongwa, akafika mazishi bado hayajafanyika, akamzika kaka yake, akalia hadi sauti ikamkauka.

Sasa huko kwao msiba bila watani haujakamilika, kama mboga isiyotiwa chumvi. Mtoto wa shangazi ni mtani wako, na kwenye msiba wako ana ruhusa ya yote. Atalala njia ya kaburini jeneza lisipite. Atavaa nguo za marehemu, aige anavyotembea, adai uji wake. Atakutukana wewe na ukoo wako, nawe utacheka huku kamasi zinakutoka, na ule mzigo kifuani utasogea kidogo. Neno la mtani halichukizi. Na hakuna anayeliamini.

Mtani wa pale alikuwa Sostenes, mtoto wa shangazi yao, mzee mwenye meno ya mbele mawili tu na anayeyatumia vizuri. Asubuhi ya pili baada ya mazishi alikuwa amevaa koti la Kefa ndani nje, anazunguka uani akikohoa kama Kefa alivyokuwa akikohoa, akiwauliza wajane wa watu mbona hawamwamkii.

"Mbukwenyi!" akawapigia wanawake salamu ya kwao. "Mmekuja kunizika, au mmekuja kula ng'ombe wangu?"

"Tumekuja kula," wakamjibu.

Wanawake walikuwa wameketi juu ya mikeka, miguu wameinyoosha mbele, kuuzunguka moto wa magogo. Upepo ulikuwa unakata. Soksi za Raheli zilikuwa zimelowa umande alipokwenda chooni, akazivua, akazianika kwenye jiwe, akanyoosha miguu motoni kama wenzake. Nyuma ya nyumba wapishi walikuwa wanapika nyama kwenye masufuria makubwa. Moto ulikuwa mzuri. Usoni aliusikia, magotini aliusikia. Akafumba macho, akaachia bega, akaachia meno, na kwa mara ya kwanza tangu aletewe habari za kaka yake, mwili wake ukatulia wenyewe bila hata hodi.

Harufu ikamjia puani, nzuri, ya mafuta yanayodondokea makaa. Mate yakamjaa.

"Nani kabanika maini huko nyuma?" akauliza bado amefumba macho. "Mniletee kipande, mimi ni mgonjwa."

Sostenes alikuwa anapita. Akasimama. Akapaza sauti ua mzima ukasikia:

"Jamani ee! Njooni mwone uchoyo! Raheli kaja na nyama yake kutoka mjini, anaichoma peke yake wala hagawi!"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Ngoja iive, binamu," akajibu Raheli. "Wewe nimekutengea kwato, uzitafune kwa hayo meno yako mawili."

Kicheko kikazidi. Mmoja alianguka ubavu.

"Raheli, sifanyi utani. Toa mguu."

"Lini ulisema neno lisilo utani, wewe? Hata siku ya kuoa mchungaji alikuuliza mara mbili."

"Haki ya Mungu, dada, toa mguu motoni!"

Akainama kuushika, na shangazi mmoja akampiga kofi mkononi, akimwambia amwache mfiwa wa watu, mikono yake tangu zamani inajulikana. Walikuwa wanalia kwa kucheka sasa. Ndipo Sostenes alipolipiga teke lile gogo, cheche zikaruka hadi kwenye mikeka, na wanawake wakageuka kumtukana, wakaona alichokiona.

Kicheko kilikatika kimoja kimoja. Raheli ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza, kwa sababu ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua.

Aliutazama mguu wake wa kushoto, pale ulipokuwa umelalia gogo. Aliutazama sana, kama mtu anayetazama mtoto asiyemjua aliyeletwa nyumbani kwake na kuambiwa ni wako.

"Hauumi," akawaambia ili kuwatuliza. "Jamani, msitoe macho hivyo. Hauumi hata kidogo."

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyetulia. Sostenes alikuwa ameketi chini vumbini, ndani ya koti la maiti, analia kwa sauti. Na mtani halii msibani. Bibi mmoja mkongwe, alipomwona, alivuta kitenge chake juu ya kichwa akageukia ukutani.

Wakampaka asali, wakamfunga khanga safi, wakamwambia apelekwe hospitali Kongwa sasa hivi. Raheli akasema atakwenda ya Dodoma mjini, ndiko wanakomjua. Akawaapia. Wakamtafutia gari, likamshusha mlangoni kwake Ipagala, akaingia ndani, akafunga mlango. Hospitali hakwenda.

Kesho yake mchana alitandika mkeka, maana mazoea ni mazoea. Uso ulikuwa wa moto na meno yalikuwa yanagongana, lakini alijilaza. Kwenye vidole na wayo alipita haraka, akiitikia mwenyewe, karibu, karibu, karibu. Akafika kwenye muundi, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Akapiga hodi. Muundi ukaitikia, ila kwa kuchelewa na kwa mbali, kama mtu anayeitikia akiwa chumba cha ndani huku anafungiwa mlango.

Raheli akafumbua macho, akatazama mabati. Kumbe kile kimya kinapanda.

Siku iliyofuata Mwanaidi alisimama dirishani muda mrefu bila kuomba chochote.

"Bibi, kuna panya kafa humo ndani?"

"Panya wa humu wana afya kuliko wewe."

"Bibi, nakuuliza vizuri. Nini kinanuka?"

"Ni asali. Nenda zako, Mwanaidi, natulia."

Mwanaidi hakwenda mbali. Raheli alimsikia ameketi barazani, anavuta pumzi kupitia kilemba alichojizibia pua. Akafumba macho. Joto la homa lilimbeba kidogo kidogo, mwili ukalegea kuliko siku zote, mchi wa yule mwanamke wa mbali ukawa unatwanga haraka haraka kama anayekimbizana na mvua. Akaenda kwenye kidole kidogo. Akapiga hodi. Akafungua mdomo ili aitikie.

"Karibuuu."

Ilikuwa ile sauti yake nyembamba, ya mtoto aliyeachwa alinde nyumba. Lakini yeye alikuwa bado hajaisema. Na haikutoka mdomoni mwake. Ilitoka kule chini, mwisho wa mkeka, na ilikuwa na furaha.

"Mwanaidi!" akapiga kelele. "Mwanaidi, vunja mlango!"

Mlango ulikuwa mbovu, haukuhitaji kuvunjwa sana. Mwanaidi akaingia, akafungua khanga ya mguuni, akaifunga tena palepale. Alitoka, akasimamisha bajaji, akarudi, akambeba Raheli mgongoni kama mtoto mkubwa.

Naima pale zahanati aliivua khanga akiwa amepiga magoti.

"Hukusikia kitu, bibi? Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa sita."

"Uliniambia wote wanaitikia."

"Nilikuwa naitikia mimi."

Naima aliinua uso. Raheli alikuwa amejiandaa kugombezwa, na majibu yake yote alikuwa nayo tayari, lakini yule binti alisema tu, kwa sauti yake ya kuinamiwa, "Na mimi nilipaswa kukuvua zile soksi." Halafu akavua koti lake la kazi, akapanda nao gari kwenda hospitali kubwa.

Daktari Joshua alikuwa kijana mwenye ndevu chache zilizochanwa vizuri. Alimwamkia, akatazama mguu, akawaagiza wenzake dripu na vipimo, kisha akavuta stuli akaketi karibu na kitanda, usawa wa uso wa Raheli. Raheli akajua. Watu hawaketi hivyo kwa habari njema.

"Bibi, mguu huu umekwisha. Ukibaki utakufa nao, na si mbali. Tutaukata. Ninachotafuta ni mahali pa kukatia. Ikiwa uzima unaanzia chini ya goti, goti lako litabaki, na utatembea kwa mguu wa bandia. Vipimo vitaniambia kiasi, mikono yangu itaniambia kiasi. Kingine utaniambia wewe. Fumba macho. Nina pini hapa, naanzia chini napanda. Ukihisi inachoma, sema ndiyo."

Raheli akafumba macho. Naima alikuwa upande wa pili wa kitanda, amemshika mkono.

Hakuna mtihani ambao ungekuwa mwepesi zaidi kwake. Kwa miezi aliyolala mkekani alikuwa amejifunza kusikiliza, na sasa alimsikia daktari kuanzia nywele hadi viatu. Stuli ililia kila aliposogea. Pumzi yake ilikatika kidogo kila alipogusa. Ilitosha kuhesabu moyoni na kusema ndiyo pale pale kwenye kifundo, na kijana wa watu angeandika kifundo. Wangekata chini. Angebaki na karibu mguu wote.

Stuli ikalia. Pumzi ikakatika. Sasa hivi pini iko kwenye kifundo. Neno lilikuwa limekaa ulimini.

Ndipo ikamjia, kwa mara ya kwanza katika ujane wake wote, kwamba huenda Abeli naye aliitikia. Kwamba mzee yule aliyekuwa haongopi hata kwa bei ya mbuzi alilala kitanda kama hiki, akasikiliza stuli kama hii, akasema ndiyo, hapo. Na akasema tena. Na tena. Wale waliomrudisha kwa mafungu hawakuwa wanakata walipotaka wao, bali pale alipoitikia yeye.

Raheli akaachia meno. Akaachia bega la ndoo. Akaiacha pumzi iende na irudi, na katika ile nafasi kati ya hodi na karibu, ambayo alikuwa ameikimbia tangu baridi ianze, akaingia na kuketi. Ilikuwa baridi humo. Stuli ikalia, akanyamaza. Ikalia tena, akanyamaza. Alimsikia Naima akimeza mate. Pini ilikuwa inapanda nyumba kwa nyumba katika mtaa ambao watu wake wamehama, na yeye akangoja, na hakumwitikia mtu yeyote kwa niaba yake.

"Ndiyo!" akasema ghafla, akaruka. "Ndiyo, hapo! Hapo yupo mtu, na ana hasira!"

"Una hakika, bibi?"

"Choma tena uone nitakavyokutukana."

Akachoma tena. Akatukanwa. Daktari akacheka, akaweka alama kwa kalamu. "Chini ya goti," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. "Goti litabaki, bibi. Umenisaidia sana."

Machozi yalikuwa yanamtoka Raheli, yanaingia masikioni. "Abeli angenionea wivu," akamwambia Naima. "Goti zima! Nitapiga magoti kanisani, nusu nusu."

Naima akacheka na kulia kwa pamoja.

"Sasa mguu wa kulia," akasema daktari.

"Wa kulia wa nini? Huo mzima. Huo ndio nitakaobaki nao."

"Ndiyo maana nataka kuupima. Fumba macho."

Raheli akafumba. Huu hakuwahi kuuwazia. Kwenye mkeka alikuwa anaupita mbio mbio, kama mtu anavyopita kwa majirani wema akipunga mkono tu, kwa sababu hofu yake yote ilikuwa imelala kushoto. Akalegeza taya. Nje ya pazia toroli la chai likapita, vikombe vinagongana, mtu akauliza sukari iko wapi, mwingine akacheka. Raheli naye akatabasamu. Akangoja pini. Vijana wa siku hizi, akafikiri, kila jambo taratibu, kama wana maisha mawili.

"Daktari," akasema, "mbona huanzi?"

Stuli ililia, pumzi ya daktari ikakatika, stuli ikalia tena. Na mkono wa Naima, uliokuwa umelegea ndani ya mkono wake, ukaanza kukaza.